Maji haya yanatoka wapi? Kisa cha kidonda kilicholowesha kila dresingi

Mgonjwa wa kisa hiki ni mama wa miaka 67 aliyekuwa na kidonda upande wa ndani wa mguu wa kushoto, juu kidogo ya kifundo. Kidonda kilikuwa na miezi 14. Ameniruhusu nikieleze kisa chake, na nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike. Nakiandika kwa ajili ya wauguzi wenzangu na kwa ndugu wanaowafunga wazee wao vidonda nyumbani, kwa sababu tangu nimhudumie mama huyu sijachagua tena dresingi, yaani kifuniko cha kidonda, kama nilivyokuwa nikichagua mwanzo. Zamani nikikutana na kidonda kinachotoa maji mengi nilijiuliza jambo moja tu: dresingi gani inanyonya zaidi? Siku hizi hilo ni swali la pili.

Alikuja na binti yake, ambaye ndiye aliyekuwa akimfunga. Mguu ulikuwa umeviringishwa shashi, kisha pamba, kisha taulo, na juu ya taulo mfuko wa plastiki uliofungwa kwa kamba. Soksi ilikuwa imelowa hadi vidoleni. "Namfunga asubuhi na jioni, dada," binti akaniambia, "na usiku naamka kumbadilisha tena. Vitambaa havikauki." Mama mwenyewe hakuwa na maneno mengi. Nilipomuuliza anaumia wapi, hakuonyesha kidonda. Alipitisha kidole kwenye ngozi ya pembeni. "Hapa, mwanangu. Panawaka kama nimeunguzwa na maji ya moto."

Kitambaa kilichotoka

Kabla ya kutazama kidonda nilitazama kilichotoka juu yake. Hili nalisisitiza kwa kila mwanafunzi ninayemfundisha, maana dresingi iliyolowa hutupwa haraka kwa sababu ya harufu, na ikitupwa hivyo habari nyingi za mgonjwa huenda nayo. Nilifungua tabaka moja moja juu ya beseni. Taulo lilikuwa na doa pana la manjano, na pembeni mwa doa kulikuwa na mistari ya kahawia, mmoja nje ya mwingine, pale maji yalipofika yakakauka, yakasogea tena, yakakauka tena. Pamba ilikuwa imeganda bonge zito upande wa kisigino, ilhali upande wa goti ilikuwa karibu kavu. Shashi iliyogusa kidonda ilikuwa imeng'ang'ania katikati. Hata baada ya kuilowesha na kuivuta polepole, ilitoka na vipande vidogo vya nyama mpya na matone ya damu.

Maji yalikuwa yakishuka, kwa hiyo ngozi iliyoteseka zaidi ingekuwa ya chini ya kidonda, na ndivyo ilivyokuwa. Lakini lililonishangaza ni ile shashi. Kidonda kilichokuwa kikitiririka hadi kwenye soksi kilikuwa kikikauka katikati. Shashi na pamba hunyonya lakini hazishiki: zikijaa, ukizibonyeza kidogo tu zinarudisha maji kwenye ngozi, na maji yakishatelemka upande wa chini, nyuzi za juu hukauka zikiwa zimeshika nyama. Ndiyo maana kumwongezea mgonjwa tabaka la tatu na la nne la pamba ni sawa na kutwanga maji kwenye kinu. Tena, kitambaa kilicholowa mpaka nje kimekwisha kuwa njia. Maji yanapopata pa kutokea, vijidudu navyo vimepata pa kuingilia.

Siku iliyofuata tulianza kupima. Nilichukua mizani ndogo ya kielektroniki, nikapima pedi zikiwa kavu pamoja: gramu 80. Baada ya saa 24 tukazipima tena zikiwa zimetoka mguuni: gramu 172. Gramu moja ya maji ya kidonda ni karibu mililita moja, kwa hiyo mguu ulikuwa umetoa takriban mililita 92 kwa siku, bila kuhesabu yaliyopaa kama mvuke. Kwenye faili lake la awali kila mtu alikuwa ameandika "maji mengi". Neno "mengi" kila muuguzi ana kipimo chake. 92 haibishaniwi, na kwa wiki zilizofuata namba hiyo ndiyo iliyotuonyesha nini kinasaidia na nini hakisaidii.

Kidonda chenyewe kilikuwa na urefu wa sentimita 9 na upana wa sentimita 6, si cha kina. Theluthi moja ilifunikwa na utando wa njano, sehemu iliyobaki ilikuwa nyama nyekundu iliyofifia. Ukingo ulikuwa mweupe, umevimba na kukunjamana kama vidole vya mtu aliyefua nguo tangu asubuhi. Nje ya weupe huo kulikuwa na mkanda wa ngozi iliyochubuka, upana wa sentimita 4 upande wa chini. Kuanzia kifundo hadi katikati ya shavu la mguu ngozi ilikuwa ya kahawia na ngumu, alama ya vena (mishipa inayorudisha damu kwenye moyo) ambazo vali zake, yaani vilango vya ndani, zimechoka: damu hurudi chini badala ya kupanda, shinikizo hukaa kwenye mishipa midogo, chembe nyekundu hupenya na kuacha madini ya chuma ndani ya ngozi.

Harufu ilikuwa kali tulipofungua. Tulipoosha kwa maji safi ikaisha. Naomba mwenye kufunga vidonda alikumbuke hili: harufu hupimwa baada ya kuosha. Kabla ya hapo unanusa dresingi iliyokaa, na dresingi nyingine huwa na harufu zake zenyewe zikichanganyika na maji. Hapakuwa na joto jipya, homa, wala maumivu yaliyoongezeka ghafla, na nyama haikuvuja damu kwa kuguswa tu. Kwa hiyo sikuchukua kipimo cha kuotesha vijidudu. Kila kidonda cha miezi 14 kina vijidudu. Kipimo kingeotesha kitu, na kitu hicho kingemletea mama antibiotiki asizozihitaji. Kwa kuwa kilikuwa cha muda mrefu niliandika pia kwamba kisipopungua, au ukingo ukianza kujikunja na kuota nyama, kipande kikatwe kipelekwe maabara, kwani kidonda sugu kinaweza kugeuka saratani ya ngozi.

Maji si adui

Binti alikuwa ameshauriwa mara nyingi akiache kidonda wazi "kipate hewa". Alijaribu, na kila mara ukapatikana ukoko juu na maji chini yake. Ushauri huu ni wa zamani na bado una nguvu, ingawa mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha kinyume chake. Alifanya majeraha madogo kwenye ngozi ya nguruwe, mengine akayaacha wazi, mengine akayafunika kwa utando wa plastiki. Yaliyofunikwa yaliota ngozi kwa kasi ya karibu mara mbili. Seli za ngozi mpya hutambaa juu ya unyevu. Penye kigaga kikavu hulazimika kutafuta njia chini yake.

Kwa hiyo kidonda kinahitaji maji. Katika jeraha jipya maji hayo hubeba chakula cha seli, chembe nyeupe na protini zinazoamrisha nyama kukua. Tatizo la kidonda sugu ni kwamba maji hubadilika. Vimeng'enya viitwavyo metaloproteinazi, ambavyo kazi yake ni kusafisha nyama iliyokufa na kisha kupungua, havipungui. Vinaendelea kukata: vinakata nyuzi mpya zinazojengwa, vinakata na zile protini za kuamrisha ukuaji. Maji ya namna hiyo yakikaa juu ya ngozi nzima huichubua. Mama aliposema panawaka, alikuwa akieleza sawasawa kilichokuwa kikitendeka.

Uchaguzi wa kwanza

Nilianza na ngozi ya pembeni, kwa sababu ndiko kulikouma. Binti alikuwa akiipaka mafuta mazito ya mgando. Nia yake ilikuwa njema na kweli mafuta huzuia maji, lakini yakiwa mazito huziba vitundu vya dresingi, kisha maji yasipoingia kwenye pedi hupita pembeni na kulowesha ngozi ileile uliyokusudia kuilinda. Tuliyaacha. Tuliosha, tukakausha kwa kugusagusa bila kusugua, tukapaka kimiminika cha akriliki ambacho hukauka na kuwa utando mwembamba usioonekana. Huo hauachi mafuta kwenye ngozi na hauzuii pedi kufanya kazi.

Juu ya kidonda niliweka alginati, dresingi ya nyuzi zinazotokana na mwani wa kahawia. Nyuzi hizo zina kalsiamu. Zikikutana na sodiamu iliyomo kwenye maji ya kidonda hubadilishana, na nyuzi hugeuka jeli laini. Kidonda hubaki na unyevu, na wakati wa kufungua jeli huoshwa bila kung'oa nyama. Juu ya alginati niliweka pedi yenye chembe za kunyonya zilezile zinazotumika kwenye nepi za watoto. Chembe hizo huvimba na kushikilia maji hata zikibanwa. Pedi niliichagua ndefu kuliko kidonda, na nikaishusha ili sehemu kubwa yake iwe upande wa chini, maana maji hayangebaki katikati kwa kunifurahisha mimi.

Mwenzangu aliuliza kwa nini nisitumie sponji, na swali lake lilikuwa zuri. Dresingi ya sponji ni nzuri kwa maji ya wastani: hunyonya na pia hupitisha mvuke kwa mgongo. Nilijua hata hivyo kwamba mguu huu ungekuja kufungwa bandeji ya kubana, ile inayosaidia vena kupandisha damu, na sponji nyingi zikibanwa hutema sehemu ya maji zilizoyabeba, kama sifongo ya kuoshea vyombo mkononi. Haidrokoloidi, ile inayonata na kuziba, ingemzamisha kabisa. Hiyo ni ya kidonda chenye maji kidogo. Haidrojeli huongeza maji, huwekwa kwenye kidonda kikavu chenye ukoko unaotakiwa kulainishwa. Utando mwembamba wa plastiki haunyonyi chochote. Dresingi zenye madini ya fedha au iodini, za kuua vijidudu, nilizipita bila kusita, kwa kuwa hapakuwa na dalili za maambukizi.

Bandeji ya kubana sikuifunga siku hiyo. Mguu usiopimwa ateri, mishipa inayoleta damu kutoka moyoni, haubanwi. Kipimo chake kilipangwa kufanyika baada ya siku sita.

Siku ya tatu binti alinipigia simu kwa hofu. Alikuwa amefungua na kukuta ute wa manjano ya kahawia juu ya kidonda. "Dada, kimetunga usaha." Nilimwambia auoshe kwa maji ya uvuguvugu kisha atazame kilicho chini. Chini palikuwa pekundu. Ule ulikuwa jeli ya alginati tu, na kosa lilikuwa langu, sikumweleza mapema atakachokiona. Nimeona watu wakianzishiwa antibiotiki kwa sababu ya ute huo.

Mguu wa pili

Siku ya nne ngozi ilikuwa imeanza kupoa, na binti alikuwa amelala usiku mmoja mzima bila kuamka. Niliandika kwenye faili: "Maendeleo mazuri." Lakini mizani haikukubaliana nami. Tulikuwa bado kwenye mililita 88 kwa siku. Nilichokuwa nimefanya ni kuyapatia maji chombo kizuri zaidi cha kuingia.

Siku ya tano mama alikaa kitandani nikimfunga, na binti akamvua soksi ya mguu wa kulia ili amkate kucha. Niliona mpira wa soksi umeacha mfereji kuzunguka mguu, wa kina cha kuingiza ncha ya kidole. Nikaweka dole gumba juu ya muundi, nikabonyeza nikihesabu hadi kumi, nikaachia. Shimo likabaki pale. Mguu wa kulia haukuwa na kidonda hata kimoja, na kwa siku tano sikuwa nimeutazama.

Vena mbovu za mguu mmoja hazivimbishi miguu miwili kwa usawa namna ile. Nikaanza kuuliza maswali niliyopaswa kuyauliza siku ya kwanza. Unalala wapi, mama? Kwenye kiti, akasema, miezi mitano sasa. Magoti yanauma akijinyoosha kitandani. Maana yake miguu ilikuwa ikining'inia saa 24. Dawa zako ni zipi? Binti akatoa mfuko. Amlodipini ya presha, iliyopandishwa kutoka miligramu 5 hadi 10 miezi saba kabla. Furosemidi, dawa ya kukojosha, iliyoongezwa miezi minne kabla kwa sababu miguu ilikuwa imevimba. Nikakaa kimya kidogo. Kila hatua ilikuwa na sababu yake; hakuna aliyeziweka zote mezani kwa pamoja.

Amlodipini hutanua mishipa midogo inayoleta damu kuliko inavyotanua ile inayoirudisha. Shinikizo ndani ya kapilari, mishipa myembamba kuliko yote, hupanda, maji yakapenya na kukaa kwenye nyama ya miguu, na dozi ikipanda uvimbe nao huongezeka. Kwa kuwa si mwili mzima uliojaa maji, vidonge vya kukojosha haviusaidii sana uvimbe huu. Kwa mtu mwenye miguu mizima ni usumbufu. Kwa mama huyu, mwenye vena mbovu na ngozi iliyokwisha kufunguka, kidonda kilikuwa ndiyo bomba la kutokea.

Nilimwandikia daktari wake barua fupi yenye tarehe za dawa, picha za miguu yote miwili na namba za mizani. Hakuichukulia kama lawama, na ninamshukuru. Kwanza alihakikisha moyo, figo na ini haviko nyuma ya uvimbe huo. Kisha akashusha amlodipini hadi miligramu 5, akaongeza losartani, dawa nyingine ya presha, akasimamisha furosemidi. Tafadhali msomaji, usiache wala kupunguza dawa ya presha kwa sababu umesoma hapa. Presha iliyoachiwa huua, kidonda kinasubiri. Chukua mfuko wa dawa uende nao kwa aliyekuandikia.

Kipimo cha ateri kilifanyika siku ya saba. Kwa mashine ya Doppler, inayosikiliza mtiririko wa damu, husikilizwa mapigo ya kifundo na ya mkono, kisha shinikizo la kifundo hugawanywa kwa la mkono. Kushoto tulipata 0.98, kulia 1.05. Kati ya 0.8 na 1.3 kubana kwa nguvu kamili kunakubalika. Chini ya 0.8 inahitajika tahadhari na ushauri, na chini ya 0.5 mguu haubanwi kabisa. Mgonjwa wa namna hiyo anahitaji daktari wa mishipa haraka, kwa sababu bandeji inaweza kumaliza damu kidogo iliyobaki. Zaidi ya 1.3 namba yenyewe inaweza kudanganya, hasa kwa wenye kisukari ambao ateri zao zimekuwa ngumu. Sukari ya mama ilikuwa ya kawaida.

Tukafunga bandeji ya tabaka nne, lengo shinikizo la milimita 40 za zebaki kwenye kifundo na kupungua kuelekea goti. Magoti yakatafutiwa dawa ya maumivu, mama akarudi kulala kitandani akiwa na mto chini ya goti na mwingine mrefu chini ya mguu ili nyayo zipite usawa wa moyo. Mchana akawa anakunja na kukunjua nyayo, kwa sababu shavu la mguu likijikaza ndilo pampu ya vena. Dresingi ilibaki ileile. Ngoja nirudie hilo: alginati ileile, pedi ileile.

Siku ya kumi baada ya kubana tulikuwa kwenye mililita 38. Wiki ya nne, 14. Bandeji za mwanzo tulilazimika kuzifunga upya mara mbili kwa wiki, si kwa kulowa, bali kwa kulegea, kwani mguu ulikuwa ukipungua ndani yake na bandeji iliyotelemka hukata ngozi. Tafiti zilizolinganisha dresingi mbalimbali chini ya bandeji za kubana hazijaonyesha kwa uhakika aina moja inayoponya vidonda vya vena kuliko nyingine. Kubana ndiko kunakoleta tofauti. Hili haliifanyi dresingi kuwa kitu kidogo: ndiyo iliyookoa ngozi, ikampa binti usingizi, ikampunguzia mama maumivu. Ila haikukausha chanzo, wala isingeweza.

Nilipochelewa kubadilisha

Wiki ya nne hiyohiyo nilifanya kosa ambalo mama alililipia kwa maumivu. Nilifungua bandeji nikiwa na furaha ya mililita 14, nikakuta alginati imekauka kama kadibodi. Nyuzi zake hugeuka jeli zikipata maji ya kutosha. Maji yakiwa machache hubaki nyuzi, zikashika nyama kama ile shashi ya siku ya kwanza. Niliilowesha dakika ishirini na bado ilitoka na damu. Mama alifumba macho akashika ukingo wa kitanda, hakusema neno. Kwenye faili nilikuwa nimeandika namba zikishuka wiki baada ya wiki, na bado mkono wangu uliendelea kuchukua pakiti ileile kwa sababu ilikuwa imefanya kazi.

Nikabadilisha siku hiyo: wavu wa silikoni usionata kwenye nyama, juu yake pedi nyembamba ya kawaida, yote yakakaa siku saba chini ya bandeji. Tangu hapo nimejiwekea utaratibu. Nikifungua, kabla sijagusa kabati, naangalia mambo mawili kwenye dresingi iliyotoka. La kwanza ni doa limefika wapi: likiwa limegusa ukingo, nilichelewa kubadilisha au pedi ni ndogo, likiwa katikati tu na kumebaki nafasi kubwa pembeni, pedi ni kubwa kuliko kazi. La pili ni ilivyotoka: ikiteleza, sawa, ikihitaji kuloweshwa, wiki hiyo ndiyo ya kushuka daraja, yaani kuhamia dresingi inayonyonya kidogo. Ngozi ya pembeni inakamilisha habari. Nyeupe na laini kupita kiasi, maji yamezidi. Kavu yenye magamba na kidonda kinachong'aa kama kioo, yamepungua mno.

Kidonda wakati huo kilikuwa sentimita 7.2 kwa 4.8. Ukizidisha urefu kwa upana, eneo lilikuwa limepungua kwa karibu asilimia 36. Katika vidonda vya vena, kinachopungua kwa kiasi hicho ndani ya wiki nne huwa kiko kwenye njia ya kufunga, na kisichopungua kinataka uanze upya kufikiri, siyo uongeze dresingi ya bei ya juu.

Wiki ya tisa maji yalipanda ghafla, kutoka mililita 9 hadi 40 kwa siku. Mwenzangu aliyefungua alitaka kuanza dresingi ya fedha. Maji kuongezeka ghafla kweli ni dalili ya maambukizi, na sikumlaumu. Tukaketi naye tukapitia dalili nyingine moja moja. Maumivu mapya hapana. Joto hapana, wekundu unaotambaa hapana. Harufu baada ya kuosha hapana. Nyama haikuwa laini ya kuvuja damu, wala maji hayakuwa ya kijani. Kisha tukamuuliza mama. Alikuwa amesafiri kwa basi siku nzima kwenda na siku nzima kurudi, na kwa kuwa kiatu hakikuingia juu ya bandeji, aliivua akaiacha nyumbani. Tukafunga bandeji upya, tukamtafutia kiatu kipana chenye kufungwa kwa mkanda. Baada ya siku tano tukawa kwenye 11.

Zingekuwepo dalili mbili tatu kati ya zile, ningekubaliana naye bila kusita. Ningeosha kidonda, nikachukua kipimo kutoka kwenye nyama safi na si kwenye ute wa juu, nikaanza dresingi ya fedha kwa wiki mbili kisha nikapima kama inasaidia. Na wekundu unaotambaa au homa ni vya daktari siku hiyohiyo.

Kidonda kilifunga wiki ya 21. Wiki mbili kabla, pedi tuliyoitoa ilikuwa na doa la ukubwa wa ukucha, na mizani haikuonyesha tofauti na pedi kavu, tukaacha kupima. Sasa mama anavaa soksi za kubana miguu yote miwili, jozi mbili zinazopokezana kufuliwa. Anazivaa asubuhi kabla ya kushusha miguu kitandani, wakati miguu bado haijavimba, na tunambadilishia kila baada ya miezi 6 kwa kuwa mpira wake hulegea. Binti ndiye anayemvalisha, na amejifunza kubonyeza muundi kwa dole gumba na kuhesabu hadi kumi, kulia na kushoto.